Mjusi wa bluu wa Kimboza: safari ya kutoka kwenye mkadi hadi sanduku la kioo

Wadau, leo naomba tumzungumzie mjusi. Najua wengine mmeshakunja uso. Kwetu Uswahilini mjusi ana kesi ya siku nyingi. Yule wa ukutani, anayevizia wadudu karibu na taa, tumempa jina la mjusi kafiri, na wazee wengi wa pwani hulieleza jina hilo kwa kisa cha moto wa Nabii Ibrahimu, kwamba mjusi alikuwa akiupuliza ili uzidi kuwaka. Katika nyumba niliyokulia, mjusi akianguka kutoka darini, kandambili zinavuliwa.

Kwa hiyo mtu akituambia kuna nchi ambako mjusi mgonjwa anapelekwa kwa daktari, anapimwa choo na kunyweshwa maji tone kwa tone, tunacheka. Haya, tucheke. Lakini tukimaliza tuulize: baadhi ya hao wagonjwa walitoka wapi? Jibu ni Morogoro.

Ukitoka Morogoro mjini kuelekea Matombo, chini ya milima ya Uluguru, kuna msitu wa hifadhi unaoitwa Kimboza. Si mkubwa, una kilometa za mraba kama 4 tu, na umeota juu ya mawe ya chokaa. Humo kuna mikadi, mimea ya jamii ileile iliyowapa watu wa Kigamboni jina la ufukwe wa Mikadi. Na juu ya mikadi hiyo anaishi mjusi mdogo, mfupi kuliko kidole chako cha kati ukitoa mkia. Dume lina rangi ya bluu inayong'aa na koo jeusi, jike ni la kijani. Zaidi ya Kimboza na vipande vichache vya msitu vilivyo jirani, hayupo popote pengine duniani akiwa huru.

Kwa wanasayansi historia yake inaanza mwaka 1952. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Nairobi na Tanganyika kabla ya kuhamia chuo kikuu cha Harvard, Marekani, ndiye aliyemwandika. Akampa jina la Lygodactylus williamsi, kwa heshima ya John Williams, mtaalamu wa ndege wa jumba la makumbusho la Nairobi. Kwa miaka hamsini hivi baada ya hapo, mjusi huyu alibaki jina katika vitabu vya wataalamu. Hakuna aliyemsumbua.

Kisha picha zake zikawafikia wafugaji wa Ulaya na Marekani. Rangi ile ikawa balaa kwake. Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakusanyaji lilichukua mijusi wasiopungua 32,310, na huenda wakafika 42,610. Watafiti walikadiria kuwa hiyo ni kama asilimia 15 ya mijusi wote waliokuwepo porini wakati huo. Kundi moja! Na namna walivyowakamata ni mbaya kuliko idadi yenyewe. Mjusi hujificha katikati ya majani ya mkadi, kwa hiyo mkadi ulikatwa. Ukikata mkadi umemchukua mjusi wa leo na nyumba ya mjusi wa kesho.

Sasa tufuatane na huyo aliyesafirishwa. Anafika amekauka maji na amekonda, pengine mkia umekatika kwa kushikwashikwa. Minyoo na vimelea vingine alivyovibeba porini bila shida vinapata nafasi mwili ukidhoofika. Akinunuliwa na mtu aliyevutiwa na rangi tu, tatizo kubwa linakuja polepole: mifupa. Mjusi huyu ni wa mchana. Kule Kimboza mwanga wa jua unampa mionzi ya UVB, mwili wake unatengeneza vitamini D, na vitamini hiyo ndiyo inayomwezesha kutumia kalsiamu. Ndani ya sanduku lisilo na taa ya mionzi hiyo, mifupa inalainika. Taya linalegea, miguu inapinda, anatetemeka, anashindwa kupanda. Kumweka dirishani hakusaidii, maana kioo huzuia mionzi hiyohiyo anayoihitaji.

Anayemwokoa mjusi wa namna hii ana kazi ya miezi. Anamtenga na wengine. Anapeleka choo chake kwa daktari wa wanyama kipimwe. Anamwekea taa ya UVB na kuibadilisha kabla nguvu yake haijaisha, hata kama bado inawaka. Wadudu anaomlisha huwapaka kwanza unga wa kalsiamu. Anamnyunyizia maji kwenye majani, kwa sababu mjusi huyu huramba matone. Ngozi ya zamani ikigoma kutoka vidoleni, anailainisha kwa unyevu na kuitoa taratibu, la sivyo itabana damu na vidole vitakufa. Na mifupa iliyokwisha kupinda hainyooki. Unachoweza ni kuzuia isizidi.

Nimeiangalia orodha hiyo nikaona kitu kimoja. Taa ni jua la Kimboza. Unyevu ni umande wa Kimboza. Unga ni kazi ya kufidia kilichopotea. Kila dawa ni jaribio la kununua dukani, kipande kipande, kile ambacho mkadi na msitu vilikuwa vikimpa bure.

Sheria zilikuja zikitembea. Mwaka 2012 aliingizwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg, nchi zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya mijusi hawa wanaotolewa porini, na mwaka huohuo Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Waliokwisha ondoka hawakurudi. Hata kuwarudisha si kazi rahisi, kwani mjusi aliyekaa na wanyama wa nchi nyingine anaweza kuwaletea wenzake maradhi wasiyoyajua.

Sisi tuliosoma tunapenda kulia na pembe za ndovu, na tuna haki. Lakini hawa waliondoka kwa makumi ya maelfu, wakapita viwanja vya ndege, na vyumba vya habari havikushtuka. Nani angeandika habari ya mjusi? Yule mgeni anayemnyunyizia maji mjusi mlemavu usiku wa baridi simcheki tena. Anahangaika kulipa deni ambalo sehemu yake lilikopwa kwetu, kwa panga, chini ya mkadi.