Mikopo ya simu: Mwanafunzi, hesabu ada kabla ya kukopa

MADOGO, katika Kaunti ya Tana River, imetenganishwa na mji wa Garissa, kilipo Chuo Kikuu cha Garissa, na Mto Tana pekee. Kwa wanafunzi wa pande hizi, kama wenzao kote nchini, simu imekuwa benki tangu M-Pesa ianze Machi 2007.

Tatizo ni kutambua bei halisi ya mkopo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, yaani Sh40 kwa kila Sh1,000. M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30, yaani Sh75. Viwango hivyo vyaonekana kukaribiana, lakini anayekopa Sh1,000 upya kila mwezi kwa ada hiyo hulipa Sh900 kwa mwaka, mbali na deni lenyewe.

Tangu 2022, kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kumtisha mdaiwa. Hata hivyo, kanuni hazimlipii mtu deni. Kabla ya kukopa, jiulize: nitalipa jumla ya pesa ngapi, lini, na nitazitoa wapi? Haba na haba hujaza kibaba, na deni nalo hukua vivyo hivyo.