Uchunguzi wa injini ya lori baada ya ukarabati kwenda kombo

Uchunguzi huu ni kazi ya kutafuta kilichoharibika, na sababu yake, baada ya mwenye lori au dereva kufungua injini mwenyewe kisha ikagoma. Katika kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, malori ya dizeli, hasa Isuzu na Mitsubishi Fuso, hubeba ndizi, mawe laini ya Tabaka na majani mabichi ya chai ya viwanda kama Kebirigo, Nyansiongo na Ogembo. Lori likilala, mzigo huharibika. Ndiyo maana spana hushikwa kabla fundi hajafika.

Mara nyingi kisa huanza na joto. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzijoto 94. Kofia ya rejeta hupandisha kiwango hicho kwa kuzuia mvuke, hivyo kofia iliyolegea na maji matupu ya mto vinaweza kuichemsha injini iliyopakia mzigo kwenye miinuko ya kuelekea Keroka. Gasketi ya silinda hedi inaungua. Mwenye lori ananunua nyingine na kuifunga mwenyewe.

Fundi mzoefu haanzi kwa kuwasha. Huuliza: kipi kilifunguliwa, bolti zilikazwa kwa mpangilio gani, kuna nati iliyobaki? Dereva anayeficha kwa kumwogopa tajiri wake humwongezea tajiri huyo gharama.

Kisha huchomoa kijiti cha oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Vumbi la rangi ya shaba ndani ya filta iliyokatwa ni dalili kwamba beringi zinalika. Baada ya hapo krenki huzungushwa kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Ikigota, huenda gia za taimingi zilikosewa na pistoni inagonga valvu, au maji yamejaa silinda. Maji hayabanwi: kulazimisha kwa stata kunaweza kupinda konrodi.

Ikizunguka vizuri, kompresheni hupimwa. Silinda mbili jirani zikiwa dhaifu kwa pamoja, gasketi kati yake ndiyo ya kushukiwa kwanza. Hedi nayo hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka, kwani iliyopinda hata sehemu ya kumi ya milimita inaweza kuiunguza gasketi mpya. Bolti zake hukazwa kwa awamu, kutoka katikati kwenda nje, kwa spana ya kupimia nguvu. Tundu la bolti lililobaki na maji au oili linaweza hata kupasua bloku.

Kosa linalosahaulika sana ni silikoni ya kuzibia maungio. Ikipakwa kwa wingi, hubanwa kuelekea ndani, hukatika vipande na kuangukia kwenye sampu, kisha huziba chujio la pampu ya oili. Injini husikika nzima mwanzoni, halafu inanoki mlimani kwa sababu beringi zimekosa oili. Kabla ya kulaumu vipuri, sampu ifunguliwe.

Ustadi huu hupimwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, huwatahini mafundi wa jua kali na kuwapa vyeti vya daraja la 3 hadi la 1, na mteja anaweza kuomba kuona cheti.

Mwenye lori aliyekwama asiiwashe tena injini. Ahifadhi bolti zote na gasketi ya zamani, kwa kuwa alama za kuungua zilizo juu yake humwonyesha fundi moto ulikopenya.