Sauti Haisomeki: Kutoka Santuri za Benga Hadi Atmos

Wasee, kuna ujumbe mmoja ambao karibu kila mtu wa umri wetu amewahi kuuona. Umepakua muvi kwa bando la usiku, umechemsha chai, umejifunika blanketi, unabonyeza pleyi. Picha inakuja safi kabisa. Sauti, hakuna. Halafu maandishi madogo yanatokea kwenye kioo kwamba sauti ya EAC3 haikubaliwi. Stelingi anafungua mdomo na kufunga kama mbuta ndani ya ndoo.

Mimi niliuona nikiwa kidato cha tatu, hapa hapa Bondo. Nikadhani simu imeharibika. Fundi mmoja akanichaji 200 bob ya "kusafisha spika." Spika ilikuwa nzima. Shida ilikuwa leseni, na hiyo hadithi ya leseni ndiyo nataka tuongelee leo, kwa sababu mwezi uliopita imenirudia kwa mlango mwingine.

Binamu yangu anafanya kazi Marekani na anajenga huku nyumbani, upande wa Nyamonye. Anataka sebule yenye spika mpaka kwenye dari. Akaniandikia: "Omera, wewe ndiye wa mambo ya sauti. Niambie prosesa gani ninunue, inayosoma fomati zote." Fomati zote! Nilicheka kwanza. Halafu nikaanza kusoma, na nikagundua watu wamekuwa wakiuliza hilo swali tangu kabla kwaro wetu hajaoa.

Tuanze 1948. Kampuni ya Columbia kule Marekani ilitoa santuri kubwa inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Mwaka uliofuata, RCA Victor wakajibu na santuri ndogo ya mara 45, yenye tundu kubwa katikati. Santuri za zamani zilikuwa za 78. Kwa hiyo ukinunua gramafoni ya 78 pekee, umepotea. Waliotengeneza mashine walifanya nini? Wakaweka kiswichi: 16, 33, 45, 78. Hicho kiswichi ndicho babu wa prosesa ya binamu yangu. Kazi yake ni moja tu, kukulinda usipoteze pesa wakati kampuni zinapigana.

Huku kwetu iliyoshinda ni 45. Benga yote unayoisikia Ramogi FM ikipigwa kama "za kale" ilizaliwa ndani ya hicho kisahani. D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati ng'ambo ya mpaka Tanzania, na Shirati Jazz yake, Victoria Kings, George Ramogi. Produsa Phares Oluoch Kanindo aliuza santuri hizo mbali sana, mpaka Zimbabwe watu wakaita muziki wenyewe "kanindo." Baadaye akawa mbunge wa Homa Bay. Mambo ya santuri yalikuwa na pesa.

Lakini sikia hii. Upande mmoja wa 45 unabeba dakika tatu, nne hivi. Benga haitoshei hapo. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande wa A, mara nyingi uimbaji na kusifu watu, kisha unageuza, na upande wa B magitaa yanashika moto. Ile unayoiita "staili ya benga," kuanza na maneno halafu kupanda mpaka gitaa linalia peke yake, ilikaa vizuri sana ndani ya umbo la santuri. Fomati ilichangia kupanga muziki. Hilo linanishangaza kuliko Atmos yoyote.

Halafu kanda ikaja. Philips waliitoa 1963, na kufikia miaka ya 80 ilikuwa kwenye kila matatu. Kanda ilikuwa nyepesi, ya bei nafuu, na mtu yeyote mwenye redio ya kanda mbili angeweza kunakili. Mashabiki walifurahi, wanamuziki wakalia. Ukimwuliza mzee yeyote aliyewahi kupiga gitaa Kisumu, hapo ndipo sura yake inabadilika. Sidhani tunaelewa vizuri kwamba kwa familia nyingi za wanabenga, kubadilika kwa fomati kulikuwa ni kupotea kwa karo ya shule.

CD, VCD, DVD, hizo mnazijua, mlikaa kwenye vibanda vya video mkitazama muvi zilizotafsiriwa na DJ. Nazipita.

Sasa vita vya leo vilianzia kwenye sinema. 1992, filamu ya Batman Returns ilitoka na Dolby Digital, sauti ikichapishwa kama vidoti kati ya matundu ya ukingo wa filamu yenyewe. Mwaka uliofuata Jurassic Park ikaja na DTS, ambayo ilifanya tofauti kabisa: sauti ilikaa kwenye diski pembeni, na filamu ilibeba alama za muda tu ili diski isipotee njia. Sony nao wakaleta yao mwaka huo huo. Sauti tatu zinazogombania filamu moja. Ni 33, 45 na 78 tena, ila safari hii wenye majumba ya sinema ndio waliohangaika.

Kwenye DVD Dolby ikapata kiti cha mbele na DTS ikawa ya hiari. Kisha 2012 Dolby wakatoa Atmos na filamu ya Brave: sauti haipewi spika fulani tena, inapewa mahali chumbani, na prosesa ndiyo inapiga hesabu ni spika gani zilie. DTS wakajibu na DTS:X mwaka 2015. Kulikuwa pia na Auro-3D ya Wabelgiji, ambayo baadhi ya watu wanaapa ndiyo tamu zaidi kwa muziki. Kampuni hiyo ilifilisika 2022 na ikabidi wengine waichukue. Fikiria umelipia mashine kwa sababu ya hiyo nembo.

Kila nembo ni leseni, na leseni ni pesa. Ndiyo maana Samsung waliacha kuweka DTS kwenye TV zao kuanzia 2018. LG wakaiacha 2020, wakairudisha 2023. Ndiyo maana pia programu ya simu yangu ilinyamaza: EAC3 ni Dolby Digital Plus, na asiyelipia hakuruhusiwa kuifungua. Ile Dolby Digital ya zamani hati miliki zake ziliisha 2017, mwaka ule ule leseni za MP3 zilipokoma. Ndiyo maana wufa ya elfu nne pale stendi inasoma MP3 kutoka kwa flashi bila kulalamika.

Basi nikamjibu binamu hivi. Atmos, lazima, kwa sababu Netflix inatuma hiyo. DTS, ndiyo, kwa sababu diski za Blu-ray ulizonazo zimejaa DTS, na usizipitishe kwa TV, chomeka moja kwa moja kwenye prosesa. Auro, usiongeze hata shilingi. Na kabla ya yote, weka dari la maana chini ya mabati. Mvua ya Aprili ikianza, hakuna fomati duniani itakayoishinda.

Halafu nikauliza swali langu: ina tundu za RCA za analogi? Kwa sababu baadhi ya mashine mpya zinaziondoa.

Akanipigia simu saa hiyo hiyo. "Omera, baadhi ya mashine za aina hii zinazidi dola 20,000, na wewe unaniuliza tundu la gramafoni?"

Ndiyo. Kwa sababu chini ya kitanda cha Dani kuna katoni ya biskuti yenye santuri 31 za kwaro. Sindano ya gramafoni ilivunjika kabla sijazaliwa, na hazijawahi kulia tena. Nyingi nimezipata YouTube. Moja haina lebo, imefutika yote. Dani anakumbuka ilipigwa usiku ule alipoletwa kwa kina kwaro, na anaweza kuimba mwanzo wake kwa sauti ndogo, maneno mawili matatu. Upande wa pili haukumbuki kabisa. Nimemrekodi akiimba, nikauliza wazee wa hapa sokoni, kila mmoja anataja bendi tofauti.

Binamu alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akauliza kama inahitaji fono prii-ampu au inaingia moja kwa moja. Inahitaji, nikamwambia, na si ghali.

Anakuja Desemba. Nimeziosha zote kwa maji ya sabuni kidogo na kitambaa laini, nikazikausha kivulini. Mbili zimepinda, moja ina ufa. Ile isiyo na lebo iko sawa. Dani amesema hataki kuanza na nyingine yoyote, na kwamba mtu asiongee wakati wa kugeuza.