UZI: Mita 30 za mto si ramani ya mafuriko

Kila mto Nzoia ukijaa, ubishi ni ule ule. Hawa wanasema, "Walijenga kingoni, wabomolewe." Wale wanajibu, "Wana hati, waachwe." Jamani, hapa watu wanabishania mistari miwili tofauti. Twende polepole.

Mstari wa kwanza ni wa sheria. Kanuni za maji za 2007 ziliweka ukanda wa kingo usiopungua mita 6 na usiozidi 30, kila upande wa mto. Mstari wa pili ni wa maji yenyewe, na maji hayapimi kwa utepe. Kwenye bonde lenye mteremko mkali, na Kakamega tunayo mengi, mita 30 zinaweza kukufikisha pakavu. Lakini fuata Nzoia upite Mumias hadi Budalang'i kule Busia, nchi imelala tambarare. Hapo mita 30 ni kama hujasogea.

Na hati je? Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio uliosukuma upimaji na usajili wa mashamba ya Waafrika. Ulitaka kilimo cha biashara na kesi za mipaka ziishe (tusisahau pia, ilikuwa enzi ya hali ya hatari, siasa ilikuwamo ndani). Ramani za usajili zikaonyesha fulani anaishia wapi. Hazikuonyesha maji hufika wapi. Kwa hiyo hati inakwambia shamba ni la nani. Kama litalowa, hiyo si kazi yake.

Kisha ikaja 1961, mvua za Uhuru. Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2, na rekodi ya 1964 haikuvukwa hadi Mei 2020. Ziwa likiwa juu, Nzoia haupati pa kumwaga haraka, maji yanasambaa Budalang'i. Miaka ya 1970 na 1980 yakajengwa matuta. Watu wakaona pamekuwa salama, wakaishi nyuma yake. 2008 tuta likabomoka. 2011, tena.

Halafu kuna hili neno "mafuriko ya miaka 100". Si kwamba yakija leo utapumzika karne nzima! Maana yake ni nafasi 1 kwa 100 kila mwaka, mwaka huu na mwaka ujao pia. Kaa kwenye nyumba hiyo miaka 30, nafasi ya kufurikiwa angalau mara moja inafika kama 26 kwa 100. Nani angepanda matatu ya namna hiyo?

Sasa wewe unayetafuta ploti karibu na Isiukhu au Nzoia: ofisi ya ardhi itakuonyesha mpaka. Swali la maji lipeleke Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na kabla hujatoa hata shilingi, muulize mzee wa pale, si dalali, mwaka wa mvua kubwa maji yaliishia kwenye mti gani.