Kengele ya Maneno: Habari za Kupima Muda wa Kusema katika Mabaraza Makubwa ya Dodoma

Katika nchi ya Ugogo mtu afikaye barazani hatoi neno lake papo hapo. Husimama kwanza akaamkia, "Mbukwa", na wenyeji wakiwa wengi, "Mbukwenyi"; kisha huulizwa habari za kwake, za watoto, za ng'ombe na za mvua, naye huuliza za wenyeji; ndipo jambo lililomleta hutolewa. Asiyefanya hivyo huonekana kana kwamba ana ugomvi, au hakufunzwa. Wala desturi hii si ya Wagogo peke yao, maana Mnyamwezi hali kadhalika, na mtu wa pwani ndiye hasa bingwa wa salamu. Basi ni jambo la kuangaliwa kwamba mji wa Dodoma, ulio katikati ya nchi hiyo ya maamkizi marefu, ndio mahali ambapo maneno ya wakubwa wa taifa hupimwa kwa dakika na kukatwa kwa kengele. Nimependa kueleza jinsi ilivyokuwa hata ikawa hivyo, na jinsi kengele hiyo ilivyozaa maneno mapya katika Kiswahili, kwa kuwa wengi wetu tulio waalimu huitwa kuandika au kuongoza mikutano ya watu wengi.

Kupima maneno kwa chombo si jambo la jana. Watu wa Athens, katika Ugiriki ya kale, walikuwa na chungu chenye tundu karibu na kitako. Mtu aliposhitaki au kujitetea mbele ya waamuzi, chungu kilijazwa maji na tundu likazibuliwa. Maji yalipokwisha, maneno nayo yalikwisha. Chungu kimoja cha namna hiyo kilifukuliwa katika uwanja wa soko la mji ule. Huchukua maji ya lita sita na kitu, nayo humwagika yote kwa muda wa dakika kama sita. (Katika Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima ni milimita zipatazo 570, nadhani wazee wasingekubali maji yachezewe hivyo, ijapokuwa Wagiriki waliyakinga chini na kuyatumia tena.) Lakini yapo mambo mawili katika sheria yao yanayostahili kukumbukwa kuliko chungu chenyewe. La kwanza, mlinzi wa maji alipatikana kwa kura miongoni mwa waamuzi siku ile ile, hata asiweze mtu kumjua mapema na kumshawishi. La pili, katika mashitaka ya mtu na mtu, sheria au ushahidi ulipokuwa ukisomwa, tundu lilizibwa, kwa kuwa maneno hayo hayakuwa ya msemaji mwenyewe, na haikuwa haki yamlie muda wake.

Warumi waliichukua saa hiyo ya maji. Mwaka wa 100 baada ya Kristo, Plinio Mdogo alisimama mbele ya wazee wa Rumi kumshitaki Marius Priscus, aliyekuwa liwali wa jimbo la Afrika, kwa kuwaonea watu wa jimbo lake. Katika barua yake moja aeleza kwamba alisema kwa muda wa saa zipatazo tano. Alipewa vyungu 12 vikubwa, kisha akaongezewa 4. Hapo twaona tabia ya pili ya kipimo cha maneno, nayo ni kwamba kipimo huwekwa na sheria, lakini huzidishwa na mwenye kiti. Nitairudia habari hii mbele.

Katika nyakati za karibu jambo lililoleta kipimo ni wingi wa watu. Baraza la chini la Marekani liliweka mpaka wa saa moja kwa kila msemaji katika mwaka wa 1841, wajumbe walipokuwa wamezidi mia mbili. Na mwaka wa 1847 likaweka mpaka wa dakika tano kwa wenye kuleta masahihisho. Palipokosekana mpaka wenye nguvu, mambo yalikwenda kama yalivyokwenda katika Umoja wa Mataifa mwaka wa 1960, Fidel Castro wa Kuba aliposema saa nne na dakika 29. Mtu huyo huyo alirudi mwaka wa 2000 akakuta taa ya kuonya wasemaji. Akatoa leso yake, akaifunika. Wajumbe walicheka, nami nilipoisoma habari hiyo nilicheka, lakini leso ile yafundisha kwamba taa peke yake haina mkono.

Hapa kwetu hapakuwa na haja ya kipimo kwa muda mrefu. Baraza la kutunga sheria la Tanganyika lilipokutana mara ya kwanza Dar es Salaam mwaka wa 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, wajumbe wake walikuwa wachache, lugha yao ilikuwa Kiingereza, na Mwafrika hakuwamo. Wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka wa 1945. Watu wachache walioketi katika chumba kimoja hujua wenyewe nani amesema sana. Lakini baada ya uhuru wa mwaka wa 1961 wabunge waliongezeka kila uchaguzi. Mwaka wa 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Kazi ilikwenda polepole, kama tujuavyo. Bunge lenyewe lilihamia mwaka wa 1996, likikutana katika ukumbi ambao sasa huitwa Ukumbi wa Msekwa, kwa jina la Spika Pius Msekwa, na mwaka wa 2006 likapata jumba lake jipya. Zaidi ya watu 350 walikuja kuketi humo. Tupige hesabu: watu 350 wakisema dakika kumi kila mmoja, ni dakika 3,500, yaani saa 58 na dakika 20, kwa jambo moja tu. Na mkutano wa bajeti, unaoanza mwezi wa Aprili na kwisha mwezi wa Juni, una wizara nyingi za kujadiliwa.

Kazi ya kupima iko kwa Makatibu walioketi mezani mbele ya Spika. Mbunge aitwapo, saa huanza kuhesabu. Dakika zake zikikaribia kwisha, kengele ya kwanza hulia. Zikiisha, ya pili hulia, naye hupaswa kuketi. Mara nyingi muda ni dakika kumi. Orodha ikiwa ndefu Kiti huweza kuupunguza ukawa dakika tano. Wala jambo hili halipotei katika maandishi, kwa kuwa katika Taarifa Rasmi za majadiliano mwandishi hutia ndani ya mabano ya kwamba hapo kengele imelia. Anayezisoma taarifa hizo huweza kuona mahali hasa neno la mtu lilipokatika.

Na sasa nije kwenye lugha. Kengele hii imezaa msamiati wake, nao watoka Dodoma kwenda nchi nzima kwa njia ya redio. Mwenye kiti akimwita mtu husema ni nani atakayemfuata na ni nani *ajiandae*. Kitenzi hiki, ambacho zamani kilikuwa cha mtu na safari yake, sasa kimekuwa cha foleni ya wasemaji. Kengele ikilia, msemaji huuliza, "Ni ya kwanza hiyo?" Akiambiwa ni ya pili, husema, "Namalizia", na mara nyingi neno hilo ndilo mwanzo wa hotuba nyingine fupi. Tazama kiambishi kile cha kutendea: hasemi "namaliza", bali "namalizia", kana kwamba yako mabaki yanayodai haki yao. Akikatizwa na mwenzake aliyesimama kutoa *taarifa* au kudai *utaratibu*, humwomba mwenye kiti, "Nilindie muda wangu." Usemi huu naupenda kuliko yote. Zamani mtu alilinda shamba, mji au mifugo. Muda haukuwa mali ya mtu hata uibiwe. Sasa umekuwa mali, una mwizi, na una mlinzi. Wagiriki waliziba tundu la chungu. Mswahili wa leo huomba alindiwe. Maana ni moja.

Salamu nazo zimebadilika, lakini hazikufa. Mbunge mwenye dakika kumi humshukuru Mwenyezi Mungu, humshukuru Spika kwa nafasi, huwashukuru wapiga kura wake na jamaa yake, kisha huunga mkono hoja, wengine kwa asilimia mia moja, ndipo huanza. Wako wanaowacheka. Mimi siwacheki kabisa, maana mtu aliyelelewa katika nchi ya "Mbukwa" hawezi kuingia barazani kama mshale. Lakini nimeona wasemaji wazoefu wamefanya hila njema: shukrani zote wamezitia katika sentensi moja, na kuunga mkono hoja wamekuweka mwanzo, ili kengele ikilia ghafula wasiondoke bila kulisema. Hiyo ni adabu iliyojifunza hesabu.

Baraza kubwa kuliko yote lililopata kuketi Dodoma kutunga neno la taifa ni Bunge Maalum la Katiba la mwaka wa 2014. Lilifunguliwa tarehe 18 Februari, likiwa na watu zaidi ya 600: wabunge wa Muungano, wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na watu 201 walioteuliwa na Rais kutoka vikundi mbalimbali. Mwenyekiti wa muda alikuwa Pandu Ameir Kificho, kisha akachaguliwa marehemu Samuel Sitta. Majuma ya kwanza yalikwenda katika kujadili kanuni zenyewe, na wengi nje waliona ni kupoteza wakati. Naona hawakutazama vema. Watu 600 wakipewa dakika kumi kumi ni saa 100 kamili. Wakikutana saa sita kwa siku, ni siku 17 kwa raundi moja. Basi anayeandika kanuni ya muda ndiye anayeamua ni nani atasikika.

Fikiri habari za wale 201. Wafugaji walipewa viti 10, wavuvi 10, wakulima 20, watu wenye ulemavu 20; vyama vya siasa, 42. Kengele huwapa wote dakika sawa, lakini dakika sawa si maneno sawa. Wakili aliyezoea kusema hutoa hoja tatu katika dakika tano. Mfugaji ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu huanza kwa mfano, kama desturi ya kwao, akifika katika maana kengele imelia. Mwenye kigugumizi hali yake hujulikana. Kisha, vikundi vikubwa huweza kupanga wasemaji wao, huyu akamalizia pale mwenzake alipokatwa. Kikundi cha watu kumi hakina wa kupokezana. Sisemi kengele iondolewe. Bila kengele mfugaji huyo asingefikiwa kabisa, kwa kuwa wakili angesema mpaka jua lichwe. Nasema tu kwamba usawa wa saa ni mwanzo wa haki, na sehemu iliyobaki imo katika mkono wa aliyeshika orodha, na wa yule anayeamua ni kukatizwa kupi kutakakohesabiwa.

Tena kengele haiwezi kumpimia asiyekuwamo. Tarehe 16 Aprili 2014 wajumbe wa umoja ulioitwa UKAWA walitoka ukumbini. Waliosalia waliendelea, na Katiba Inayopendekezwa ilikabidhiwa kwa Rais Jakaya Kikwete hapo Dodoma tarehe 8 Oktoba mwaka ule. Ni nani aliyekuwa na haki katika kutoka kule si kazi yangu hapa.

Turudi vijijini. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka wa 1982, kila kijiji kina mkutano mkuu wa watu wazima wote waliotimiza miaka 18. Hapo hakuna kengele, na katika mikutano mingi niliyoiona wazee wanne au watano huchukua asubuhi yote, vijana na wanawake wakasema jua likiwa utosini, watu wamekwisha kuanza kuondoka. Mwalimu akiombwa ushauri, namwelekeza hivi: saa ya mkononi yatosha, anayeishika asiwe mwenyekiti, bali mtu aliyechaguliwa pale pale, kwa kura ikiwezekana, salamu zisihesabiwe, saa ianze neno likianza, msemaji akikatizwa saa isimamishwe, na mzee akaribishwe mapema, lakini asiwe wa kwanza na wa pili na wa tatu. Mahali fulani tulitumia kibuyu kilichogongwa kwa kijiti badala ya kengele, na hakuna mzee aliyeona ametukanwa, kwa kuwa kiligongwa kwa mwenyekiti naye.

Liko jambo jingine la Bunge ambalo vijiji havina. Mbunge aliyekosa nafasi huweza kuchangia kwa maandishi. Karatasi yake hupokewa, waziri humtaja katika majibu, na maneno yake hupigwa chapa katika Taarifa Rasmi pamoja na ya waliosimama. Karatasi haina kengele. Kijijini kuna kitabu cha muhtasari tu, nacho huandikwa na mtendaji wa kijiji, au na mwalimu akiombwa, na katika vitabu kadha nilivyoonyeshwa, maneno ya waliosema mwisho yameandikwa kwa mstari mmoja: "Wengine walichangia."