Kimya cha Magazeti Katika Homa ya 1918

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii huambiwa mtu mmoja, lakini historia yatuonyesha kwamba hata taifa zima laweza kuficha maradhi.

Katika mwaka wa 1918 homa kali ya mafua ilizuka duniani wakati mataifa makubwa yalipokuwa vitani. Yakadiriwa kuwa iliua watu wapatao milioni 50. Katika nchi zilizopigana, habari za kuvunja moyo zilizuiwa. Hispania haikuwa vitani, na magazeti yake yaliandika waziwazi juu ya ugonjwa, hata Mfalme Alfonso XIII alipougua. Basi walimwengu wakaiita Homa ya Kihispania, ingawa haikuanzia huko. Aliyesema kweli ndiye aliyebebeshwa lawama.

Tutazame mji wa Philadelphia, Marekani. Mwezi wa Septemba mabaharia kutoka Boston waliingia na homa hiyo. Tarehe 28 mwezi huo yalipangwa maandamano makubwa ya kuhimiza watu waikopeshe serikali fedha za vita. Madaktari kadhaa walisihi yaahirishwe, lakini maonyo yao hayakupata nafasi magazetini. Mkuu wa afya wa mji, Wilmer Krusen, akayaruhusu. Watu wapatao 200,000 walisongamana barabarani, bega kwa bega, wakiimba na kushangilia.

Siku tatu hazikupita ila hospitali zilijaa. Tarehe 3 Oktoba shule, makanisa na nyumba za michezo zilifungwa, na hata hapo gazeti moja liliwalaumu wakuu kwa kuwatisha watu. Katika muda wa majuma sita walikufa watu zaidi ya 12,000. Maiti zilikaa majumbani siku kadhaa kwa kukosa majeneza na wachimba kaburi.

Sasa fikiri, msomaji, hali ya mama aliyesoma asubuhi kwamba hakuna haja ya hofu, na jioni akaona jirani yake wa tatu akitolewa maiti. Angemwamini nani tena? Neno la kweli lilipokosekana, uvumi ulishika mahali pake. Wengine walisadiki kwamba Wajerumani ndio walioleta ugonjwa kwa manowari zao. Masista wa Kanisa Katoliki walitoka kuwauguza wagonjwa, lakini umma ulipoombwa usaidie, wengi walijifungia ndani. Magazeti yalinyamaza ili kuzuia hofu, na kimya chao kikaizaa.

Mambo yalikuwa mengine katika mji wa St. Louis. Mkuu wa afya wa huko, Max Starkloff, aliwaonya watu mapema, akafunga shule na kupiga marufuku mikutano siku chache tu baada ya wagonjwa wa kwanza kuonekana. Wafanya biashara walinung'unika, lakini vifo havikufikia kadiri ya vile vya Philadelphia.

Tusiwahukumu wahariri wa siku zile bila haki. Walikuwa na sheria kali za vita juu yao, na wengi walidhani wanaitumikia nchi. Wala kirusi cha mafua ya binadamu hakikugunduliwa mpaka mwaka wa 1933. Hapakuwa na chanjo wala dawa ya kukitiisha. Lakini kwa sababu hiyo hasa kosa lao lilikuwa zito. Dawa ilipokosekana, kinga iliyobaki ni watu kujitenga. Na watu hawajitengi na hatari wasiyoambiwa. Habari ya kweli ndiyo iliyokuwa dawa, nayo ilifungiwa kabatini.

Homa hiyo hiyo ilifika Mombasa mwaka ule ule, ikapanda bara pamoja na abiria wa reli. Maradhi hayana pasipoti, na uongo vilevile. Kwa hiyo kijana, usomapo habari wakati wa maradhi, uliza ni nani asemaye, na amejuaje. Na ikiwa siku moja kalamu itakuwa mkononi mwako, kumbuka kwamba neno la faraja lisilo kweli laweza kuua kama homa yenyewe.