Kiboko kilivyoingia nyumbani

Katika miaka ya 1970, nyumba nyingi za Lubumbashi na Kolwezi zilikuwa na picha moja ukutani: mtu amelazwa chini, askari mweusi anampiga kiboko, mzungu amesimama kando anaangalia. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliirudia mara nyingi, akaiita « Colonie belge 1885-1959 ». Watu waliinunua ili kukumbuka mateso ya wazee wao. Lakini haikuzuia fimbo kuinuliwa katika nyumba ileile.

Kiboko kilikatwa katika ngozi ya mnyama mwenye jina hilo, ikakaushwa juani. Wakati wa mfalme Léopold II, hakimu Mbelgiji Stanislas Lefranc aliwakuta Léopoldville watoto wapata 30, wengine wa miaka 7 ama 8, wakingojea zamu ya kupigwa. Kosa lao? Baadhi ya watoto walicheka mbele ya mzungu. Mtoto wa namna hiyo anakua akijua kwamba mkubwa haulizwi. Na adhabu ya kiboko ilidumu hadi 1959, kwa hiyo wengi walioipata ndio waliolea wazazi wa leo.

Kusema mkoloni ndiye aliyeleta fimbo yote ni uongo. Wazee pia walipiga. Ila kijijini kulikuwa mtu wa kuingilia kati: kwa Walamba na Wabemba, mjomba ana sauti kubwa juu ya mtoto wa dada yake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière iliwaleta wafanyakazi wake kambini pamoja na bibi na watoto. Baba alitii amri mchana kutwa; jioni alirudi kwa watu pekee waliokuwa chini yake. Mjomba alibaki mbali.

Uhuru haukubadili hayo haraka. Sheria ya familia ya 1987 ilimwagiza bibi amtii bwana, na ikampa mzazi ruhusa ya kumwadhibu mtoto kwa kadiri ya umri wake. Sheria ya ulinzi wa mtoto ilikuja tarehe 10 Januari 2009, na ile ya familia ikarekebishwa 2016. Bwana angali kichwa cha nyumba.

Yule anayesahaulika mara nyingi ni mama. Anayeogopa kupigwa huwanyamazisha watoto kwa kofi kabla baba hajaingia, ili asipate sababu ya kukasirika. Majirani wanasikia, wanasema: watoto wa nyumba ile wana adabu.